Mshauri wa Mrija wa Kudumu

Sijawahi kumpenda, na sitaanza leo kwa sababu amezeeka. Watu wa kwetu Mogogosiek hupenda kusema vizuri juu ya mtu akishaota mvi, kana kwamba uzee ni sabuni. Mimi namsema jinsi nilivyomjua. Alikuwa mshauri wa ndoa katika kanisa letu, na kwa miaka mingi hakuna aliyemwita kwa jina lake. Watoto walimwita mshauri, wazee walimwita mshauri, hata mke wake alipomtafuta shambani alipaza sauti, "Mshauri! Chai imepoa!"

Alikuwa mtu wa kusogea. Akizungumza nawe anauleta uso wake mbele ya uso wako mpaka unasikia harufu ya alichokula. Ukirudi nyuma kidogo, naye anakuja. Nimeona wanaume wazima wakirudi nyuma hivyo, polepole, kwa heshima, mpaka wakaketi ndani ya michai. Sauti yake ilikuwa ya chini na tamu, na aliitumia kama mtu anayembembeleza ndama aingie mlangoni. Hodi alikuwa akisema akiwa ameshaingia, ameshavuta kiti, macho yake yanatafuta thamosi iko wapi.

Alipenda kufuli. Geti lake lilikuwa na kufuli, banda la kuku lilikuwa na kufuli, hata mfuniko wa tangi la maji ya mvua ulikuwa na kufuli. Funguo alizivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na alipoinama kuchuma chai zililia kama njuga. "Kisichofungwa kimeshaibiwa," alikuwa akisema. Lakini boma la ng'ombe wake halikuwahi kuwa na ua wa maana. Ng'ombe wake walikula mahindi yangu msimu mmoja, wakarudi msimu uliofuata kama wageni waliokaribishwa. Nilipokwenda kumlalamikia, aliniambia nijifunze kusamehe, kwa maana mwili ni kama ng'ombe, haujui mpaka wa shamba. Alisema hivyo ng'ombe wake akiwa bado anatafuna nyuma yangu.

Juu ya maumivu ya watu wengine alikuwa hodari sana. Jirani yetu mmoja aliunguzwa mguu na uji uliochemka, na mshauri aliketi kando ya kitanda chake akamweleza kwamba maumivu ni mwalimu, asimfukuze mwalimu mapema. Yule mama alimsikiliza akiuma shuka. Ila jino la mshauri lilipooza, kijiji kizima kilipata habari. Alikwenda Kericho kuling'oa, akarudi akisimulia jinsi alivyomlazimisha daktari amchome sindano ya ganzi mara ya pili, kwa sababu ya kwanza haikuingia vizuri. Wiki nzima alitembea ameshika shavu, na hakuna aliyethubutu kumtajia mwalimu.

Nitasema na mazuri yake, ili mtu asidhani namchukia kwa kutoyajua. Mama yangu alipokufa, mshauri ndiye aliyefika wa kwanza. Hakuhubiri. Alivua koti, akachukua jembe, akachimba kaburi na vijana mvua ikimnyeshea, na baadaye nikamkuta nyuma ya jiko anamenya viazi pamoja na wanawake, anawachekesha. Aliimba vizuri. Mwanamke akishikwa na uchungu wa kujifungua, pikipiki yake ilikuwa tayari. Ninayajua hayo yote, na bado namchukia.

Sasa nieleze kile chuma.

Mshauri alikwenda semina Nairobi, akarudi na neno jipya. Alisema mwanamume aliyeanguka katika ndoa anaweza kuomba afungwe. Hakusema mimbarini. Aliwaambia wanaume peke yao, katika kile chumba cha nyuma cha kanisa kinachowekwa viti, na aliwaonyesha picha kwenye simu. Siri ya wanaume kwetu haimalizi wiki, kwa hiyo sisi wanawake tulijua upesi. Kilikuwa kizimba kidogo cha chuma kisichoshika kutu, ambacho mwanamume anavishwa kwenye uume, pete inakaa nyuma ya mapumbu, na kufuli ndogo inaviunganisha hivyo viwili. Akishafungwa hawezi kulala na mwanamke yeyote mpaka mwenye ufunguo amfungue. Nimeambiwa kuna watu wazima duniani wanaovivaa kwa kupenda kwao, wengine kwa raha zao, na wanajua kuvitunza. Sina neno nao. Neno langu ni kwa mtu aliyechukua kitu asichokijua akakifanya sakramenti.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Alikuwa akibeba mahindi kutoka Kipkelion, na huko Kipkelion alipata mwanamke. Alinieleza mwenyewe, jikoni, mimi nikichambua mboga ya sukuma. Hakuna aliyemshika, hakuna simu niliyoipekua. Alisimama karibu na mlango akasema yote, na mimi nikamrushia ile sukuma na sufuria yake, nikalia mpaka majirani wakaacha kuongea. Baadaye tulianza kuzungumza. Yalikuwa mazungumzo mabaya, ya kukatizwa kila mara, lakini yalikuwa yetu. Kulikuwa na siku tulizoweza hata kucheka kidogo. Nadhani tungefika mahali. Halafu mume wangu akaona hiyo haitoshi. Alitaka aadhibiwe na kitu kinachoonekana, akaenda kwa mshauri.

Walikuja pamoja Jumapili mchana, baada ya ibada. Mshauri akasema hodi akiwa ameshaketi. Alitoa mfuko wa kitambaa, akavipanga juu ya kitambaa changu cha meza kando ya thamosi: vizimba viwili, vinang'aa kama vijiko vipya.

"Mama Chebet," akasema, "hapa tuko watu wazima. Mimi nimeleta hivi viwili, mzee achague. Wewe ni shahidi."

Niliviangalia. Vilikuwa karibu sawa, na kila kimoja kilikuwa na mrija ndani, mwembamba kama bua la ngano, umetokeza katikati.

"Huo mrija ni wa nini?" nikauliza.

"Huo unaingia ndani, kwa njia ya mkojo," akasema, bila haya yoyote, sauti yake ile ile ya kubembeleza. "Ndio moyo wa hii kitu. Bila huo, mwanamume mjanja anajivuta nyuma anatoka. Ukiwa ndani, hawezi."

"Na hivi viwili vinatofautiana nini?"

Alifurahi kuulizwa. Alichukua kimoja akauzungusha mrija kwa vidole, ukatoka, kwa sababu ulikuwa wa skrubu. Akauweka juu ya kitambaa peke yake. "Hii ni ya kuvulika. Unaweza kutoa mrija, kizimba kikabaki. Kwa kusafisha, ama kama mtu amechoka." Akachukua kile kingine, akauvuta mrija, haukutikisika. "Hii imechomelewa. Ni ya kudumu. Ukivaa kizimba umevaa mrija. Ukitaka mrija utoke, lazima kufuli ifunguliwe, yote itoke."

"Mimi sikuomba chuma," nikamwambia mume wangu. Nilimwangalia yeye, sikumwangalia mshauri. "Niliomba ukweli, na ulinipa. Chuma ni ya nani?"

"Ni yangu," mume wangu akasema. "Nataka ujue sitarudi huko."

"Nitajua ukiniambia."

"Nilikuambia vitu mingi hapo mbeleni, mama Chebet. Si ulikuwa unaniamini?"

Hapo alinishinda, kwa sababu ilikuwa kweli. Basi nikasema kama ni lazima, achukue kisicho na mrija kabisa. Mshauri akasema hicho hakukiagiza. Nikasema basi achukue cha kuvulika. Nikawaambia ninavyojua mimi mfugaji: chuchu ya ng'ombe ikiziba, daktari wa mifugo anapitisha mrija maziwa yatoke, na anautoa siku hiyo hiyo. Ukiuacha ndani, uchafu unapanda nao, titi linavimba, ng'ombe anapata homa, na hiyo chuchu huenda isirudi kutoa maziwa tena maishani.

Mshauri alicheka mpaka funguo zikalia. "Huyu si ng'ombe, mama."

"Ndiyo maana nasema zaidi," nikamjibu.

Akamgeukia mume wangu, akausogeza uso wake. "Mzee, sikiliza. Kinachotoka si agano. Wewe uliapa mbele ya madhabahu, kiapo kilikuwa na skrubu? Ukichukua hii ya kuvulika, siku ya kwanza ikikusumbua utatoa mrija. Ya pili utatoa kizimba. Ya tatu uko Kipkelion. Mtu mwenye nia anachukua ya kudumu."

Mume wangu alivitazama vile viwili kwa muda. Alinyoosha mkono, akashika kile kilichochomelewa. Alipochagua alimtazama mshauri usoni kama mwanafunzi anayetaka kujua kama amepata. Mshauri akatingisha kichwa. Hilo ndilo jambo nisiloweza kumsamehe hata leo, kule kutingisha kichwa, na kuridhika kwake.

Ufunguo hakunipa mimi. Alisema mke ana huruma, na huruma ndiyo mlango wa nyuma. Aliutia kwenye kamba ya kiatu pamoja na wa banda la kuku. Kila Jumamosi mume wangu alikwenda kwake, mshauri akamfungulia, akamwacha aoge katika bafu la nje, kisha akamfunga tena. Na funguo ndogo ndogo ziliongezeka kwenye ile kamba. Tulikuwa tukizitazama kanisani akiimba.

Mwanzoni mume wangu alijikaza. Alikojoa akiwa ameketi, kwa sababu mrija ulimwaga ovyo. Alibeba chupa ya maji ndani ya lori ajisafishe. Barabara ya vumbi ya murram ilimtesa, kila shimo alilisikia mahali ambapo mtu hapaswi kusikia shimo. Aliacha kucheza na mtoto wetu wa mwisho kwa kumpakata. Nikimuuliza anasema ni sawa. Nikimwambia aende akafunguliwe kabla ya Jumamosi, anasema amezoea. Nilianza kuona madoa kwenye nguo zake nikifua. Nikamwomba. Nikamgombeza. "Hii ndiyo naistahili," akasema, na nilijua hayo si maneno yake, kwa sababu mume wangu hakuwa mtu wa kusema naistahili. Mazungumzo yetu ya jikoni yalikufa. Kulikuwa na chuma sasa, na chuma kilisema kwa niaba yake.

Jumatano moja aliamka anatetemeka. Ngozi yake ilikuwa ya moto. Alijaribu kwenda haja ndogo, akarudi amejikunja, akajaribu tena, hakuna kitu. Tumbo la chini lilikuwa gumu kama mbao. Nilijaribu kukivuta kile kizimba, akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Mrija ulikuwa umeshikana ndani kwa uvimbe, na haukuwa na skrubu ya kuuzungusha. Nilimwambia alale kwa ubavu, nikapanda mlima kwenda kwa mshauri.

Nilimkuta anachuma chai, kikapu mgongoni, na wachumaji wengine wako mistari michache kutoka kwake.

"Mshauri, nipe ufunguo wa baba Chebet. Ana homa, na mkojo umekataa kutoka."

Hakuacha kuchuma. "Leo ni siku gani?"

"Ni Jumatano."

"Tunafungua Jumamosi."

"Mtu anaweza kufa Jumatano."

"Mama Chebet." Akasogea. "Hakuna mtu amekufa na mkojo. Mwili umeshikwa, sasa unapiga kelele. Shetani akishikwa si hupiga kelele? Mpe maji ya moto, muombe. Ukimfungua leo, umebomoa kazi yake yote. Hata mimi nimeona wengine wakipata homa kidogo, inapita."

"Wengine akina nani?"

Akarudi kwenye michai yake. Nikanyoosha mkono nikashika ile kamba shingoni mwake. Alinishika kifundo cha mkono, kwa nguvu, na wachumaji wakasimama kutazama. Kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa tamu.

"Hata nikikuachia, utajua ni gani?" akasema. "Zote zinafanana. Ni mimi peke yangu najua."

Na ilikuwa kweli. Nilizitazama zile funguo ndogo, zote sawa, nikaona nikigombana naye nitapoteza asubuhi. Nikaiachia kamba. Niliteremka nikikimbia, viatu vya gambuti vinateleza, na kwa bahati jirani mwenye pikapu alikuwa anawasha gari apeleke maziwa. Akashusha mitungi yake kando ya barabara bila kuniuliza mara mbili, tukamlaza mume wangu nyuma juu ya magunia, tukaenda Kericho.

Daktari aliyempokea alikuwa kijana, mpole. Alifunua shuka, akaniangalia. Nilimweleza bila kupamba. Hakucheka na hakushangaa kwa sauti, na kwa hilo bado namwombea.

"Ufunguo?" akauliza.

"Nimenyimwa."

Alikichunguza kizimba kwa tochi. "Huu mrija umechomelewa," akasema. "Ungekuwa ule wa kutoka, ningeutoa peke yake, nimpitishie mpira mkojo ushuke, halafu tutafute ufunguo polepole. Huu sina pa kushika. Itabidi tukate pete, na yote itoke pamoja."

Walimchoma sindano ya kutuliza maumivu, wakatuma mtu karakana ya hospitali alete mkasi wa kukatia chuma. Walinitoa nje. Nilisikia pete ikikatika, mlio mdogo tu, kama kijiti kikavu. Kilichofuata niliambiwa baadaye, na sitakirefusha. Waliutoa ule mrija taratibu, na ulipotoka ulitoka na usaha na damu, na mkojo baada ya hapo, mwingi. Mume wangu alilia kwa nafuu. Alikaa wodini siku nyingi, dripu mkononi. Daktari aliniita kando akaniambia ndani kumechubuka, na panapopona patakuwa na kovu, na kovu litaifanya njia iwe nyembamba. Atakuwa akirudi hospitali kupanuliwa njia kila inapojifunga. "Kwa muda gani?" nikauliza. Akasema, "Mama, kovu halina muda."

Mshauri alikuja kumwona. Alileta machungwa na ndizi, akasema hodi akiwa ameshaketi kitandani, akamwombea ombi refu. Mume wangu alisema amina. Kisha mshauri akanivuta kando, uso wake mbele ya uso wangu.

"Na kile chuma kiko wapi?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Kimekatwa."

"Chote?"

"Pete."

"Basi kizimba ni kizima," akasema, akapumua kwa nafuu. "Pete inaweza kuagizwa. Kuna ndugu mwingine anangoja."

Nilichukua yale machungwa na zile ndizi, nikamrudishia mikononi. Halafu nikasema kwa sauti ya kutosha wodi nzima, nikawaeleza wagonjwa na wageni wao huyu mtu ni nani, anavaa nini shingoni, na amekuja kuchukua nini. Kuna mama mmoja aliyeanza kucheka, kisha akaona mume wangu amefunika uso kwa blanketi, akaacha. Mshauri aliondoka akiwa ameshika machungwa kifuani. Kile kizimba nilikuwa nacho kwenye mkoba, daktari alinikabidhi kwenye karatasi. Nilikwenda nacho kwenye choo cha shimo nyuma ya hospitali, nikakiachia.

Habari ilifika nyumbani kabla yetu. Wake wa wanaume wengine waliofungwa wakaja kwangu, mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake, huyu anaomba mbegu ya maboga, yule anarudisha ungo. Wote walitaka kujua kitu kimoja: kinatolewaje. Niliwatuma kwa yule daktari. Wazee wa kanisa walikaa na mshauri chumba kile kile cha viti, wakatangaza kwamba amepumzishwa kwa sababu ya afya. Sikujua ni afya ya nani waliyoisema. Hakuna aliyesimama akasema tumekosa. Naye aliendelea kuimba, ila sasa aliketi viti vya nyuma, na kamba haikuwa shingoni.

Lililonichosha zaidi ni kwamba mume wangu hakukubali kumlaumu. "Ni mimi nilichagua," alisema kila mara. "Viliwekwa viwili mezani." Nilimwambia mtu akiwekewa sumu mbili na kuambiwa moja ndiyo ya wanaume, hiyo si kuchagua. Polepole tulirudi jikoni, kwenye yale mazungumzo tuliyoyaacha, na tulikuta yametungoja. Kipkelion hakurudi. Chuma hakikuhusika na hilo, na yeye mwenyewe anajua.

Kisha kulikuwa na siku ile kwenye kituo cha kununulia majani chai. Lori la kiwanda lilichelewa, tukakaa juu ya magunia, na mke wa mshauri alikaa karibu nami. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyezoea kusemewa. Hatukuwa tumezungumza tangu yale mambo ya hospitali. Alikuwa akichambua majani mabaya kutoka kwenye gunia lake, akaniambia bila kuinua kichwa:

"Hata yeye alikuwa nayo."

"Nani?"

"Mshauri. Alijiagizia yake kwanza, kabla ya hizo zenu."

"Ya kudumu?"

"Ile ya kuvulika." Akatupa jani. "Alivaa asubuhi. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ametoa mrija. Kizimba kikakaa kwa droo na soksi. Nilidhani unajua."

Sikujua. Lori lilikuja, tukasimama tukabeba magunia yetu, na nikaliweka langu kwenye mizani juu ya la mtu mwingine, hata karani wa mizani akaniuliza kama ninaumwa. Nilitaka kwenda kwake siku hiyo hiyo. Sikwenda. Mume wangu alikuwa ndio kwanza amerudi kutoka kupanuliwa njia, na nilihitajika nyumbani. Baadaye mshauri na mkewe walihamia upande wa Bomet, kwa mtoto wao, na swali la kwa nini likabaki kwangu kama mwiba uliovunjikia ndani.

Nilikutana naye mwaka huu, soko la Merigi. Tulikuwa tumekwenda kutafuta ng'ombe mtamba wa kununua, mimi na mume wangu. Nilimwona amesimama mbele ya miche ya kabeji, amepungua, koti limekuwa kubwa kwake. Alikuwa akimsogelea mwenye miche kama zamani, na mwenye miche alikuwa akirudi nyuma. Aliponiona hakukimbia.

"Mama Chebet. Chamgei."

"Chamgei mising," nikaitikia, kwa sababu salamu haimpi mtu chochote.

"Mzee yuko?"

"Yuko."

"Ni mzima?"

Nikamuuliza lile langu. "Yako ilikuwa ya kuvulika. Kwa nini?"

Mtu mwingine angeuliza ni nini ninachosema. Yeye aliangalia miche, akaangalia mikono yake. Nilingoja mithali. Alikuwa nazo nyingi.

"Ilikuwa inauma," akasema.

"Ulijua inauma."

"Nilijua. Nusu siku tu nilishindwa." Alisema polepole, na safari hii hakusogea. "Lakini bwana yako alikuja Jumamosi ya kwanza, hakusema inauma. Ya pili, hakusema. Nilikuwa namwangalia akienda bafu, anatembea hivi, hasemi kitu. Nikasema, kumbe inawezekana. Kumbe ni mimi ndiye sina nguvu. Nilimwonea wivu, mama Chebet. Kila Jumamosi."

"Na alipopata homa?"

"Nilitaka kuona kama atafika mwisho."

Alisema hivyo tu, katikati ya soko, na mwenye miche akimngojea aseme anachukua ngapi. Nilikuwa nimebeba hasira kwa mtu mjinga, na kumbe hakuwa mjinga. Nikaondoka.

Mume wangu alikuwa chooni, kile choo cha soko nyuma ya mabanda. Huwa anakawia. Nimezoea kusimama nje nimshikie koti, na watu wakija nawaambia kuna mtu. Nilisimama hapo. Nilipogeuka nikamwona mshauri amenifuata, amesimama mbali kidogo, kofia mkononi, anautazama ule mlango wa mabati. Ndani kulikuwa kimya, kisha matone, kisha kimya tena. Aliyasikia. Nilimwona akiyasikia. Sikumfukuza, nilitaka ayasikie yote mpaka mwisho.

Mlango ukafunguka, mume wangu akatoka akifunga mkanda, paji la uso lina jasho. Akamwona mshauri. Uso wake ukafunguka kwa ile adabu yake ya miaka yote, akapangusa kiganja kwenye suruali, akanyoosha mkono kumsalimu.

Nikaudaka ule mkono kabla haujafika. Nikautia kwapani kwangu, nikauminya hapo, tukaenda kutazama mitamba.